Silinda ya Tatu

Pikapu nyeupe iliyoingia gereji pale Masasi asubuhi ile ilitetemeka hadi kioo chake cha pembeni kikawa kinaonyesha kila kitu mara mbili. Mujibu aliiona ingali barabarani. Akaweka chini kikombe cha chai, akaanza kufuta mikono kwa tambara chafu. Mikono yenyewe ilikuwa safi tangu juzi, lakini fundi asiyefuta mikono nani atamwamini?

Ufundi Mujibu alikuwa nao kidogo, wa kuokoteza. Alichojaliwa ni mdomo. Mkewe Rukaiya alikwisha kuuchoka mdomo huo, na msimu uliopita aliuza korosho zake akamnunulia pikipiki, afanye bodaboda kwao Chiungutwa, apate riziki isiyohitaji maelezo mengi. Mujibu alishukuru sana, na kila siku akaipanda pikipiki hiyo kwenda nayo gereji.

Aliyeshuka kwenye pikapu alikuwa mama wa makamo aitwaye Bimdogo, mkulima wa korosho kutoka Mkunya, huko Newala. Mujibu akamwamkia shikamoo kwa adabu zake zote. Mama akaitikia, akaeleza kwamba gari likiwa kwenye mwendo halina neno kubwa, ila likisimama bila kuzimwa mngurumo unayumba na linatikisika kama lina homa. Yeye ni mtu wa shamba, mambo ya injini za dizeli hayajui.

Maneno hayo ya mwisho Mujibu aliyasikia vizuri kuliko injini.

Akafungua boneti, na papo hapo akaona: nati ya bomba la dizeli imelegea, panavuja, injini inavuta hewa. Kazi ya spana moja tu. Akaifunga boneti taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

"Pole, mama," alisema, kwa sauti iliyowafikia mafundi wote. "Injini hii imekufa. Silinda moja haifanyi kazi, na zilizobaki zinangoja zamu."

Bimdogo akashika shavu. Aliuliza kama ni hakika, na Mujibu akaapa mbele ya watu. Aliuliza sasa atarudije kwake, na Mujibu akaonyesha huruma ambayo hata yeye ilimgusa: atalichukua gari kama vyuma chakavu, mama aondoke na pikipiki. Bimdogo alisitasita, akakubali shingo upande, kisha akawaomba mafundi wawe mashahidi kwamba mwenzao amelichukua gari akijua ubovu wake. Mujibu akamwonea huruma ya kweli sasa. Mama wa watu, hata kujitetea hajui.

Wakabadilishana kadi za umiliki. Bimdogo akapiga kiki, akatia gia kama aliyezaliwa juu ya pikipiki, akaelekea sokoni. Mujibu alishangaa kidogo, lakini mtu mwenye gari hana nafasi ya kushangaa sana.

Akakaza nati, akawasha. Gari likatetemeka vilevile. Akatoa hewa kwenye dizeli, akawasha tena. Vilevile. Jasho likaanza kumtoka, akafanya alichowahi kuona mafundi wa kweli wakifanya: injini ikiunguruma, akalegeza mabomba ya nozeli, yale yanayopeleka dizeli kwenye kila silinda, moja baada ya jingine. Ukigusa la silinda nzima, mngurumo unaharibika zaidi. La kwanza, injini ikalalamika. La pili, ikalalamika. La tatu, haikujali kabisa. Akafungua kifuniko cha oili, moshi ukampiga usoni.

Miaka yote ya ufundi, ugonjwa wa kwanza kuubaini sawasawa aliutaja akiwa anadanganya.

Akashika barabara ya Newala kwenda kumngoja mama huyo mbele, amrudishie gari lake. Kabla hajafika Chiungutwa, kwenye kilima ambacho hata baiskeli hukipanda, gari likazima na halikuwaka tena. Alikuwa amekaa kwenye bampa Bimdogo alipotokea nyuma na manunuzi yake, akasimama.

"Mama, silinda ya tatu imekufa."

"Ndivyo ulivyoniambia, mwanangu. Nami nikakuamini."

"Nilikuwa nadanganya."

"Najua. Ile nati niliilegeza mwenyewe, nyumbani. Kabla ya hapo kila fundi aliyelikagua alinieleza ukweli, na hakuna aliyelitaka."

Mujibu alijitafutia hasira, asiipate. Alichokipata ni wivu, wa mwanafunzi kwa mwalimu. Akaomba lifti.

Alipanda nyuma, akapewa mfuko wa sukari aushike, na njia nzima aliitikia salamu za watu wanaomjua kana kwamba ni safari aliyoipanga. Nyumbani Rukaiya alikuwa uani akimenya mihogo. Aliitazama pikipiki, akamtazama mama aliyeiendesha, kisha mumewe aliyekumbatia sukari ya watu. Mujibu akafungua mdomo.

Rukaiya akaweka kisu chini.

"Shikamoo, mama," alisema, huku akifungua pindo la kanga. "Nauli yake shilingi ngapi?"