Sura Yangu Kwenye Kila Bunda

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Siku mbaya. Barua imekuja kutoka chama cha wafanyabiashara wa Meru. Wana kongamano Jumamosi, katika hoteli moja pale mjini, na wanataka mtu wa kampuni yetu azungumze juu ya namna ya kujenga jina la biashara likadumu. Nilipoiona bahasha nilinyoosha kola. Masoko ya kampuni hii ni mimi. Miaka minne! Kadi zangu zinasema hivyo: Idrisi Mahmood, Kiongozi wa Masoko. Ni kweli kadi nilizichapisha mwenyewe, na ni kweli Haji Kullow, mwenye kampuni, bado ananiandika karani wa mizigo. Hayo ni mambo ya karatasi.

Barua ilimtaka Ciakuthii.

Ciakuthii! Mama wa kufunga miraa! Anakaa juu ya gunia katika kibanda chetu hapa Maua, anachambua vijiti, anavipanga, anavifunga kwa kamba ya mgomba, anazungushia jani la mgomba. Miaka ishirini na miwili, kazi ni hiyo hiyo. Barua pepe hajawahi kufungua hata moja. Lakini ana fundo lake. Kamba anaizungusha mara tatu, ncha anaificha upande wa kushoto, na eti wateja wa Eastleigh, kule Nairobi, wakiliona fundo hilo hawaulizi kitu kingine. Jina la Haji hawalijui. Jina la kampuni hawalijui. Wanasema tu wapewe ile ya mama wa kushoto.

Halafu Haji akaongeza la pili. Jumamosi hiyo hiyo, mbele ya watu, atamtangaza kiongozi rasmi wa masoko. Mwenye meza, mwenye kiti cha kuzunguka, mwenye barua ya kazi. Alisema bado anafikiria. Wakati akifikiria alikuwa anamtazama Ciakuthii.

Sina wivu. Chakula cha mchana nimeshindwa kukimaliza kwa sababu ya jino tu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimesoma kwenye simu kwamba kiongozi mzuri humchunguza mpinzani wake. Kwa hiyo nilikaa karibu na Ciakuthii nikijifanya nakagua magunia, huku macho yako kwenye vidole vyake. Kumbe ni rahisi! Zungusha, zungusha, zungusha, ficha. Mtu anapewa sifa mkoa mzima kwa jambo la namna hiyo.

Nikachukua vijiti na kamba, nikajifungia stoo. Saa nzima. Fundo la kwanza lilifunguka lenyewe. La pili lilifunguka nilipopiga chafya. La tatu lilikaza vizuri sana, ila ndani yake kulikuwa na kidole changu cha shahada. Nilivuta hadi kikawa cha rangi ya zambarau. Ikabidi niite.

Aliyekuja ni yeye. Alilifungua kwa kucha moja, bila kisu, akanitazama. "Ungeniuliza tu, mwanangu," akasema. "Hii kitu haina siri."

Mtu asiye na siri ni mtu hatari sana. Roho iliniuma kuliko kidole. Nilipotoka nje Koome, dereva wa pikapu, alikuwa ameshika lile bunda langu la kwanza na anauliza wanawake wote wa kibanda kama hii ni miraa ama ni chakula ya mbuzi. Walicheka mpaka mmoja akavua leso kupangusa machozi.

Nimeamua. Fundo ni mambo ya zamani. Watu wa leo wanataka sura.

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi nilimwendea Haji kabla hajamaliza chai. Nilimweleza kwa upole kwamba jina la kampuni yake nzima limekaa kwenye vidole vya mama mmoja. Je, vidole vikishikwa na baridi yabisi? Je, akienda kukaa na wajukuu? Haji aliweka kikombe chini. Niliona limemwingia. Akasema sawa, nijaribu njia yangu, lakini gunia moja tu.

Nikakimbia Meru mjini kwa mchapishaji. Nimechagua karatasi nene inayong'aa, yenye nailoni kwa ndani. Picha ni ile yangu ya suti ya harusi, kidevu juu. Maandishi: IDRISI, MIRAA YA WATU MAKINI. Mchapishaji aliuliza jina la kampuni liende wapi. Nikamwambia aliweke chini, penye nafasi, karibu na ile alama ya pipa la taka.

Nilimwonyesha Safiya, mke wangu. Aliitazama karatasi muda mrefu. Kisha akauliza, "Baba Ayan, huyu mtu anauzwa ama anatafutwa?"

Nilimweleza kwamba majina yote makubwa yalianza kwa kuchekwa nyumbani. Akasema ya kwangu basi yana mwanzo mzuri sana, akaenda kuanua nguo.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku kuu! Haji alisema gunia moja. Nilisikia moja. Nilifanya manne, kwa sababu kiongozi hafikirii kidogo. Niliwaambia wanawake wavue majani yote ya mgomba na wafunge kwa karatasi yangu. Walimtazama Ciakuthii kwanza kabla ya kutii. Hilo nimeliweka moyoni.

Ciakuthii alikuja kuniambia kwamba miraa inapumua. Bila jani itatoa jasho humo ndani, itakuwa nyeusi. Alisema polepole, kama anayenionea huruma. Nilimjibu kwamba naelewa, ni vigumu kumwona kijana akipanda. Nikamwambia asiwe na wivu. Alirudi kwenye gunia lake.

Mabunda yalipokuwa tayari yalipendeza mno. Mamia ya sura zangu, zote kidevu juu! Singeweza kuyaacha yaondoke bila picha. Nikayapanga juani mbele ya kibanda, mara kwa safu, mara kwa duara, mara mimi katikati nimeshika moja kila mkono. Koome alipiga honi. Alipiga tena. Akaja kwa miguu akaniuliza kama najua hii mali inashindana na saa. "Manze Idrisi, wenzetu saa hii wako Thika, sisi tuko studio!" Nilimjibu kwamba sifa haina haraka. Tulichelewa saa mbili na kidogo.

Picha nilizoweka mtandaoni zilipata macho mia moja na kumi na mawili. Moja ni la Ciakuthii. Sijui alinunua simu lini.

Ijumaa, 12 Septemba

Timiro amepiga simu. Timiro ndiye mnunuzi wetu mkubwa wa Eastleigh, na sauti yake haihitaji simu. "Wewe Idrisi, hii kitu umeniletea imekufa! Imekufa ikiwa na picha ya marehemu juu!" Akasema miraa yote imegeuka nyeusi na inanuka kama soksi. Akasema wateja wameibandika karatasi yangu ukutani ili wageni wajue miraa gani wasinunue. Wakiona sura yangu wanahama meza.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Kufikia saa nne asubuhi, sura yangu ilikuwa inajulikana Eastleigh nzima. Fundo la Ciakuthii lilichukua miaka. Naandika tu.

Haji aliporudi kutoka swala ya Ijumaa alipita mbele yangu kama anayepita mbele ya mlingoti. Alikwenda moja kwa moja kwa Ciakuthii, akamwomba wafunge magunia manne mapya ya kumtuliza Timiro. Alifunga tangu mchana mpaka magharibi. Kidole gumba kilipasuka, akakizungushia kitambaa, akaendelea. Wote wakawa wanamtazama. Mtu mwingine angekificha kidole chake. Yeye lazima aonekane.

Nilijua basi kwamba meza ile inaniponyoka. Kiti cha kuzunguka kinaniponyoka. Nikaenda nyuma ya stoo nikawapigia simu wenye kongamano. Nikawaambia kwa masikitiko kwamba Mama Ciakuthii ni mgonjwa sana. Wakauliza anaumwa nini. Nikasema mgongo. Walisikika kama hawajashtuka vya kutosha, nikaongeza kifua. Kisha macho. Nikasema amepoteza nguvu za miguu pia. Wakanishukuru kwa kuwajulisha na wakakubali nizungumze badala yake.

Hotuba nimeiandika. Kurasa kumi na moja.

Jumamosi, 13 Septemba

Ningetaka kuiruka siku hii.

Nilifika hotelini wa kwanza, na suti. Ile ya picha. Mama mmoja wa mapokezi alinitazama, akatazama simu yake, akanitazama tena. Saa nne mwenyekiti alisimama akaeleza ukumbi kwamba, kwa bahati mbaya, mgeni wetu mpendwa yuko kitandani, hawezi hata kusimama, na kwamba tumwombee. Watu mia mbili wakainamisha vichwa. Mchungaji mmoja akaanza maombi marefu kwa Kimeru. Nilikuwa tayari nimeinuka nusu, kurasa mkononi.

Mlango ukafunguka. Ciakuthii akaingia na Haji, kwa miguu yake yote miwili.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Ukumbi mzima ulisimama! Mchungaji aliacha maombi katikati, akapaza sauti kwamba yamejibiwa. Wamama wawili walimkimbilia wakamshika mikono ili asianguke. Mwingine akamletea kiti, mwingine uji. Mwenyekiti alikuwa analia. Alisema mama huyu ametoka kwenye kitanda cha mauti ili asivunje ahadi aliyowapa wafanyabiashara wenzake, na kama huo si uaminifu wa jina basi yeye haujui. Walipiga makofi mpaka mikono ikachoka. Ciakuthii alikuwa anaangalia huku na huku, haelewi. Wakaona huo ni unyenyekevu. Wakasimama upya, wakapiga tena.

Haji hakupiga. Haji alinitazama mimi, na kurasa zangu.

Hotuba yake ilikuwa fupi kuliko salamu zangu. Alisema, "Mimi mambo ya masoko siyajui. Najua tu mtu wa Eastleigh hanioni. Kwa hivyo nikifunga, nafunga ni kama ananiona. Ikitoka mbaya nafungua, naanza tena. Ni hiyo tu." Akashukuru, akaketi. Halafu watu wakasimama mara ya tatu. Mzee mmoja kando yangu, mwenye maduka saba, alikuwa ameandika maneno yale kwenye kiganja.

Haji akatangaza. Kiongozi wa masoko ni Ciakuthii. Meza, barua, kila kitu. Kiti alikataa, akasema kinampa kizunguzungu. Kisha Haji akashika kipaza sauti vizuri, akasafisha koo, akaanza kusema kuhusu yule karani wa mizigo. Nilijua maneno yanayofuata.

Ciakuthii akamgusa mkono. Akasema asifukuzwe. "Huyu ako na bidii, Haji. Bidii yake tu ndiyo inatangulia mikono. Mnipatie yeye akae na mimi kwa kibanda, nitamfundisha."

Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikawapungia.

Jumapili, 14 Septemba

Safiya amesema niende kwa Ciakuthii na sukari na majani ya chai, nimshukuru. Nikauliza nimshukuru kwa lipi. Aliweka sukari mezani na kutoka.

Basi nitaandika ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa. Nina wivu. Nina wivu wa kuniamsha usingizini. Si juu ya meza. Nilitaka ukumbi unisimamie mimi hata mara moja, watu wafurahi kwamba nimeingia mlangoni. Yeye umemsimamia mara tatu kwa asubuhi moja, na mara ya kwanza nilimtengenezea mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Sukari bado iko mezani.

Ijumaa, 19 Septemba

Wiki nzima nimekaa juu ya gunia, kushoto kwa Ciakuthii, katikati ya wanawake kumi na wanne. Miguu imekufa ganzi. Kila bunda nililofunga alilichukua, akaligeuza, akalifungua, akanirudishia vijiti. Hakunisema hata mara moja. Jumatatu alifungua yote. Jumanne yote. Jumatano niliapa kuacha kazi. Jana alishika vidole vyangu ndani ya vyake, vikiwa na kile kitambaa bado, tukazungusha pamoja mara tatu. Vidole vyake ni vigumu kama ganda, na vina joto.

Leo, karibu na saa tano, nilimpa bunda. Akaligeuza. Nikangoja. Hakulifungua. Alilitia ndani ya gunia pamoja na yake, akanyoosha mkono kuchukua lingine.

Wallahi ilibidi nijifanye vumbi limeniingia jichoni. Bunda langu linakwenda Eastleigh, na mtu asiyeniona atalifungua, hatahama meza! Ciakuthii alisukuma chupa yake ya chai upande wangu bila kunitazama. Nikanywa.

Nimelifikiria jambo hili tangu mchana na sasa nimelielewa. Mtu hamwachii mwanafunzi wa siku tano bunda lake isipokuwa ameanza kumwogopa. Ameona kipaji. Na tukisema haki, nani alimfikisha pale mbele kwa heshima ile, watu wakilia? Nani aliuamsha ukumbi? Kama si mimi, angezungumza dakika mbili, wangempigia makofi ya kawaida, na angerudi Maua kufunga miraa. Kiongozi wa kweli wa masoko hujenga jina la mwenzake kwanza. Jambo hilo halijaandikwa popote.

Nimewaandikia chama cha wafanyabiashara jioni hii. Nimejitolea kuwa mzungumzaji mkuu mwaka ujao, bila malipo. Mada nimewapa kabisa: Jinsi Nilivyomwinua Ciakuthii.