Mstari wa Wodi Yetu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeona muujiza. Daktari Nekesa, anayetafiti wodi mbili za walioungua, alitufungulia kompyuta. Mistari miwili, kama ngazi, yote ikianzia juu. Mgonjwa akipata maambukizi kidondani, mstari wa wodi yake unashuka kidato. Akienda nyumbani salama, haushuki. Anawekewa alama ndogo tu. Siku za watu na maumivu yao, zote kwenye mstari! Nilibaki nimeachama.

Wodi yetu ina ndoo ya maji mlangoni na amri: nawa, wala usimsalimie mgonjwa kwa mkono. Kwa Shikanga, karani mwenzangu wa wodi ya pili, amri itaanza mwezi ujao. Bado wageni wanashikana mikono kitanda hadi kitanda, kama matangani. Mstari wao uko chini. Mimi Philip, karani wa mstari wa juu! Shikanga atanitambua.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Maximilla wa Shianda, aliyemwagikiwa na maji ya miwa akipika sukari nguru, ana homa. Hii ni siku yake ya tisa wodini. Ikiwa ni maambukizi, tunashuka. Mwenye akili hangoji. Nimeandika: ameruhusiwa kwenda nyumbani. Alama ndogo. Mstari imara. Ajabu ya kalamu!

Alhamisi, 6 Machi

Jikoni walimnyima Maximilla obusuma, ugali wetu, maana ameshaenda nyumbani. Hata bendeji hakubadilishiwa. Sista Khalayi, mkuu wa wodi, alinijia na faili, akauliza polepole, "Philip, huyu mtu wa nyumbani mbona analia kitandani?"

Niliona aibu. Nilifuta ile alama ya uongo, nikampelekea Maximilla chai mwenyewe. Akanishukuru, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Majibu ya maabara: kidonda safi. Homa ni ya malaria! Daktari akasema kila siku anayokaa salama ndiyo inayoushikilia mstari, nami nilikuwa nazitupa. Jioni jamaa ishirini wa Maximilla walimsalimia kutoka dirishani, mikono juu, wakiimba. Machozi yalinitoka.

Jumatatu, 17 Machi

Maximilla ameenda nyumbani, safari hii kwa miguu yake. Alama ndogo ya kweli. Mstari haujashuka hata kidato! Nilikwenda wodi ya Shikanga kuwapa pole wagonjwa wake kwa kushindwa, mmoja mmoja, kwa mkono. Kisha mbio hadi kwetu kuwapongeza wetu, kitanda cha kwanza hadi cha kumi na moja, mkono kwa mkono.

Sista Khalayi alisimama mlangoni kando ya ndoo, akiikodolea macho mikono yangu mikavu. Furaha, nadhani.