Nilivyokwenda Mabatini Kuomba Bibi

Jumapili, 1 Juni

Miezi miwili tangu nivuke mpaka kutoka Kisumu kuja kutengeneza mashine za barafu hapa Nyakato. Kiswahili chao nakielewa chote. Wao ndio hawanielewi. Mgahawani nimesema, "Nipe chai." Mhudumu akaninunia. Pius, fundi mwenzangu, akasema, "Naomba chai, dada yangu," akaletewa kwanza. Kuomba kitu unachokilipia! Tatizo ni kwamba Paskazia, karani wetu ninayetaka kumwoa, anamchekea Pius kupita kiasi. Lazima nimtangulie Pius kwao.

Jumanne, 3 Juni

Mazoezi ya shikamoo. Nimemwamkia mlinzi, mpishi na dada wa mapokezi. Dada akauliza kwani namwona ana miaka mingapi. Sijakata tamaa.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefika Mabatini kwa mzee Mihayo, baba yake Paskazia. Shikamoo, marahaba. Akauliza habari za nyumbani, za kazi, za Kisumu. Nikajibu zote kwa ukweli: paa linavuja, mashine imekufa, shangazi anaumwa mgongo. Kwa kila moja akanipa pole. Nikaona nimependwa. Nikasema, "Mzee, natafuta bibi. Wa hapa kwako ananifaa."

Akauliza kama nimeufikiria umri wake. Nikamwambia umri si kitu. Akaita ndani. Akatoka mama yake mzazi, Kashindye, anatembelea fimbo. Akaelezwa kwamba nimekuja kumchukua. Akanitazama miguu, akauliza kama najua kulima. Nikasema najua. Sikutaka kuharibu mambo.

Ijumaa, 6 Juni

Paskazia kaniita pembeni, machozi ya kicheko bado yanamtoka. "Kaka Ochola, bibi huku ni mama wa baba. Ulitaka kusema mke." Basi wangeandika ubao mpakani. Jioni nimerudi kwao kurekebisha. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tumekusikia, kijana. Tutaona." Akanisindikiza hadi barabarani. Kwetu anayekataa husema hapana. Hakusema hapana.

Jumapili, 8 Juni

Pius anadai "tutaona" ya mzee ni hapana iliyovalishwa nguo za kanisani. Anadai pia kwamba wazee wake walipeleka barua ya posa tangu mwezi uliopita, na jana imejibiwa. Wivu humfanya mtu aseme mengi.

Jumatatu, 9 Juni

Paskazia mwenyewe kanifuata kwenye mashine. Jumamosi kuna sherehe ya uchumba wake nyumbani kwao. Akasema, "Usikose, kaka Ochola. Karibu sana." Sana. Mwanamke hamwambii hivyo mtu asiyemtaka. Nimepeleka kitambaa kwa fundi cherehani. Akauliza mimi ni nani kwenye shughuli hiyo. Nikamwambia apime tu, mchumba ndiye mimi.