Jina Limefariki, Mwenyewe Mzima

Jumatatu, 15 Agosti 1994

Imekwisha! Wakili kagonga muhuri, nimekula kiapo, na tangu saa nne asubuhi mimi si Yotham Nzala tena. Naitwa Yotham Mavuno. Kwetu Wagogo nzala ni njaa, na baba mkubwa Batholomeo aliniita hivyo kwa kuwa nilizaliwa mwaka wa njaa. Kwa mtoto si neno. Kwa mtu anayefungua hoteli ya wali karibu na stesheni, ni balaa. Nani atakwenda kula kwa Bwana Njaa?

Mke wangu Hilda kauliza kama yeye bado ameolewa. Nikamwambia ni karatasi tu. Hakuridhika.

Bi Khairat, mwenye chumba cha hoteli, kanipangisha kwa jina jipya. Anataka kodi Jumamosi kabla ya saa sita mchana, la sivyo anampa Swalihu, muuza chai wa jirani, anayekitolea macho chumba hicho tangu Idi. Hela ipo. Kiinua mgongo changu chote, tangu tulipopunguzwa kazini shirikani, kiko benki.

Jumanne, 16 Agosti

Nimeduwaa. Karani wa benki, dada mmoja anaitwa Generosa, kaisoma hati ya wakili mbele na nyuma. Kasema hela ni za Nzala, na mimi kwa kiapo changu mwenyewe si Nzala. Nikamwonyesha kitabu cha benki chenye picha yangu. Kasema hata picha ni ya Nzala. Nikasema basi, mimi ndiye Nzala. Akauliza kwa nini basi niliapa kwamba siye. Foleni nyuma yangu ikaangua kicheko.

Kumbe lazima jina jipya litangazwe hadharani, nilete na risiti. Gazeti, wiki tatu. Redio, siku saba, na bei yake imenikausha mate. Lakini mimi si mjinga. Kwenye ubao wa bei pale redioni nimeona tangazo la kifo ni nusu, na linasomwa kesho yake. Nani kasema jina haliwezi kufa?

Jumatano, 17 Agosti

Tangazo nimelipeleka. "Familia ya Nzala wa Zuzu inasikitika kutangaza kwamba jina la Yotham Nzala limefikia mwisho siku ya Jumatatu mjini Dodoma. Habari ziwafikie Batholomeo wa Bahi na ukoo wote." Hakuna uongo hata chembe. Mpokeaji wa matangazo kanipa pole. Nimeipokea, nisimvurugie kazi.

Hilda sijamwambia. Nataka ashangae.

Alhamisi, 18 Agosti

Sijawahi kushtuka namna hii tangu nizaliwe. Nilishinda mjini nikimtafuta mwenyekiti wa mtaa anigongee muhuri barua ya leseni ya hoteli. Jioni narudi Zuzu kwa baiskeli, nasikia vilio kwa mbali. Nikavua kofia, nikajiuliza maskini ni nani. Kila nikikanyaga pedali, vilio vinazidi kuelekea kwangu. Turubai limefungwa uani kwangu. Wanawake wamejaa mikekani. Baba mkubwa Batholomeo kaja kutoka Bahi na gunia la mchele na mbuzi, macho mekundu. Vijana wameshaanza kuchimba kaburi.

Hilda aliponiona alianguka. Bibi mmoja alikimbia mpaka relini. Nikamwamkia baba mkubwa shikamoo, hakuitikia. Alitaka kwanza kujua kama nimekufa au sijafa. Nikaeleza kwamba limekufa jina tu. Akasema mtu akisikia "inasikitika kutangaza" na jina la mwanawe, hangoji mwisho, anafunga safari. Nikasema hilo si kosa la tangazo. Hakuna aliyeniunga mkono. Mbuzi akaliwa, maana alishachinjwa. Mimi walinipa utumbo.

Ijumaa, 19 Agosti

Generosa naye kasikia redio! Akaunti ya Nzala imefungwa kwa sababu mwenyewe ni marehemu. Anataka cheti cha kifo na barua ya kikao cha ukoo inayomteua msimamizi wa mirathi. Nilishika kichwa. Halafu nikapata wazo. Ukoo si huo hapo uani, bado unakula mchele? Wamteue Yotham Mavuno, nijirithi mwenyewe. Cheti tutakitafuta baadaye.

Nikawaita. Baba mkubwa alisikiliza kwa upole, kisha akauliza huyo Mavuno ni mtoto wa nani. Wazee wakatazamana. Hawamjui. Akasema mali ya ukoo haikabidhiwi mtu wa kuja. Wakamteua Hilda kwa sauti moja. Nililia kweli, na akina mama wakasema afadhali amepatikana mtu wa kumlilia marehemu.

Jumamosi, 20 Agosti

Saa tatu baba mkubwa kanishika mkono mpaka benki, Hilda nyuma yetu. Meneja akamwuliza mzee kama ananifahamu. Akajibu kwamba jina langu alinipa yeye, Nzala, na kwamba sijafa isipokuwa akili. Akakichana kiapo changu hapo hapo. Nikatia sahihi ya zamani, ikalingana. Meneja akasema kama ni hivyo hakuna tatizo. Nimepigwa na butwaa. Wiki nzima nahangaika na mihuri, mzee mwenye fimbo kamaliza kwa dakika tano.

Ila alikuwa na sharti: hela zote kwa Hilda. Tukamkuta Swalihu keshakaa mlangoni kwa Bi Khairat, anangoja saa sita. Hilda kalipa ikiwa imebaki robo saa. Mkataba umeandikwa Hilda Nzala.

Jumamosi, 3 Septemba

Hoteli ina siku tano. Kibao kinasema HOTELI YA MAMA NZALA. Nilimsihi Hilda, hakunisikia. Watu wanasimama, wanasoma, wanacheka, wanaingia. Wanasema mwenye njaa anajua pa kwenda. Wali unaisha kabla ya saa nane. Swalihu mwenyewe kala hapa mara mbili! Mimi naosha sahani na sielewi kitu.

Nimefikiri sana. Kama wanajaa hivi kwa jina baya, kwa jina zuri watakuja mpaka wa Msalato. Hilda Shibe. Linapendeza mdomoni. Wakili kasema Hilda aje Jumatatu kula kiapo. Nimemjibu atakuja, ingawa mwenyewe bado sijamwambia.

Tangazo nimeshalilipia. Linasomwa kesho saa saba mchana, kwa nusu bei.