Matawi Makumi Ine na Mbili ku Kona ya Kingi

Siku ya kwanza, 3 octobre

Leo nimekuwa ingénieur. Bantu bado habajajua.

Habari ilipita asubuyi mu mégaphone ya shefu wa Kingi. Siku ya tano, commission ya barabara inafika hapa kwetu. Banataka kupanga kazi ya barabara kubwa, toka Sake mupaka Walikale: usalama na environnement, mazingira. Na banaanzia ku kona yetu! Kona yetu inajulikana. Inashuka sawa koo ya mbuzi, na kila mvua inakula kipande ya barabara. Mwezi yenye ilipita, moto mbili, pikipiki, zilienda mu bonde. Chukudu moya, baiskeli yetu ya mbao, yenye kubeba mashu, kabichi, iliingia mu jikoni ya Mama Françoise, muuzaji wa beignets, mandazi yetu, na ikasimama karibu na chungu. Bantu balisema kama ni yeye aliagiza mashu.

Commission itachagua muntu moya wa Kingi. Jina ya kazi: point focal, mujumbe wao hapa. Atavaa gilet, kizibao ya orange yenye mistari ya kungaa. Gilet!

Na inafaa nikuwe miye. Juu Mama Drocella, mama yangu, alishasema: kama yenga, mwisho wa juma, inafika na sina kazi, siku ya kwanza ya juma yenye kufuata napanda kilima kuchunga ngombe ya mujomba Semana. Mujomba hakungoja ata yenga. Alishaleta bottes, buti za mpira. Pointure 44. Miye navaa 40. Nilimuambia. Akasema muguu yangu itaongezeka mule ndani.

Niko na miaka makumi mbili na mbili!

Miye na ngombe, hapana. Miye nilijifunza physique peke yangu mu téléphone. Video kumi na saba. Batterie ya bantu bengine.

Siku ya pili, 4 octobre

Idée imefika! Ilifika saa tatu na nusu, niko napiga meno mswaki.

Nilisoma document ya barabara mu téléphone. Inasema kama miti ku kando ya barabara inafanya kazi mbili. Moya, mizizi inakamata udongo. Mbili, chauffeur akiona miti karibu anaogopa, anapunguza mwendo. Usalama NA environnement! Mu shimo moya! Document iko na page makumi sita. Nilisoma ine, mega za internet zikaisha. Ine inatosha. Mwenye akili anajua ngombe ni ngombe, hata akiona mukia tu.

(Sitaki tena mufano ya ngombe mu kitabu hii.)

Shida: Evode. Ni motard, dereva wa moto, na anatafuta pia gilet. Iko na filimbi. Kila siku anasimama ku kona na kuonyesha njia kwa moto zenye zilishapita. Leo alinitania mbele ya bantu bote. Aliniuliza kama ingénieur anajua kuendesha ata chukudu. Nikamujibu kama munganga ya macho haiko lazima akuwe kipofu. Bantu balicheka sana. Sijajua balicheka nani.

Siku ya tatu, 5 octobre

Kazi! Mikono yote iko na malengelenge.

Miti ya kupanda sina. Lakini kuko mivumu, mti yenye ukikata tawi na kuitia mu udongo, inachipuka yenyewe. Nilikata matawi makumi ine na mbili mu lupango yetu, ku uzio ya nyumba. Sasa mahali Mama anaogea inaonekana toka barabara. Nilimuelezea kama ni juu ya maendeleo. Alinitafuta na mwiko mupaka saa sita.

Nilipanda makumi tatu ku kando, mahali udongo inaangukaka. Muzuri sana, imenyooka sawa batoto ba shule. Zilibaki kumi na mbili. Kuzitupa? Ingénieur hatupi. Nikazipanda mu barabara yenyewe. Mu barabara katikati, zigzag, ili chauffeur atembee polepole kama nyoka yenye kushiba. Hiyo haikukuwa mu page ine. Hiyo ni yangu.

Evode alipita na moto. Hakupiga filimbi. Alisimama, akaangalia, akacheka peke yake, akaenda. Wivu ni ugonjwa mubaya.

Siku ya ine, 6 octobre

Saa mbili asubuyi: SYSTÈME INATEMBEA! Camion ya kwanza imepunguza mwendo!

Saa mbili na dakika mbili: imepunguza sana. Imesimama.

Ilitoka Walikale na mafuta ya mawese. Chauffeur, Papa Symphorien, muntu mukubwa wa tumbo na sauti ya mukatekista, alishuka, akatia jiwe nyuma ya gurudumu, akaniuliza panne iko wapi, camion gani imeharibika. Panne gani? Akaonyesha matawi yangu.

Basi niandike ukweli. Hapa kwetu, camion ikikufa mu njia, chauffeur anakata matawi mabichi na kuyaweka mu barabara ili bengine bajue. Kila muntu anajua. Miye pia najua! Mutoto wa maziwa anajua! Lakini matawi ya panne inalalaka chini. Yangu inasimama. Niliwaza tofauti inaonekana.

Nilimuelezea Papa Symphorien kama hakuna panne mbele. Akanipiga polepole ku bega na kuniambia, mwana, hakuna muntu mwenye kichwa muzuri anaweza kutia matawi kumi na mbili mu barabara juu ya bure. Kama ni kumi na mbili, panne iko kubwa. Akatoa kiti yake ya plastiki ndani ya camion na akaikala.

Saa ine. Toka Sake kulifika camion ya ciment. Ikaona matawi, ikasimama upande ingine. Sasa ba Walikale banaona camion imesimama kule, banasema: munaona? Njo ile panne. Ba Sake banaona Papa Symphorien ku kiti, banasema: masikini, njo ule Papa, camion yake imekufa mu njia. Kila upande inahurumia ingine.

Nilikimbia katikati na kupaza sauti: "Piteni! Barabara iko muzima!" Chauffeur moya mukonda aliniita pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini barrière hii iko ya nani, ya kikundi gani ya bunduki. Nikamujibu: ya Environnement. Akakuna kichwa. Akasema huyo Environnement hajamusikia bado, ametokea upande gani, na kama iko na bantu mingi.

Saa sita. Camion kumi na moya upande ya Walikale. Kenda upande ya Sake. Bamama ba camp ya bakimbizi ya Lushebere balifika na mahindi ya kuchoma. Mama Françoise alileta beignets na benchi. Pasteur moya mwenye kusafiri alianza mahubiri. Chapitre yake ilikuwa juu ya kungoja.

Saa nane. Mungu wangu.

Papa Symphorien iko na mécanicien, jina yake Thierry, kijana wa roho muzuri. Alichoka kuikala. Alisema ni zambi kuacha mwenzetu mu shida. Akachukua funguo zake, spana, akavuka ku upande ingine, akaingia chini ya camion ya ciment. Chauffeur wa ile camion alikuwa analala. Alipoamuka, moteur yake ilikuwa juu ya gunia, kipande kwa kipande, imeoshwa, sawa samaki ku soko.

Alipiga kelele. Thierry alimuambia asishukuru. Akarudisha vyote mahali yake. Kikabaki kipande kimoya mu mukono. Akakiangalia, akakitia mu mufuko.

Camion ya ciment haiwaki tena.

Bantu bote baliniangalia. Na miye pale njo akili ilinifungukia. Kuko panne! Panne ya kweli, mbele ya matawi, mahali matawi inasema! Matawi yangu ilisema ukweli masaa sita mbele! Hakuna pays yenye iko na système kama hii. Kesho commission itaona. Gilet ni yangu. Nilirudia nyumbani, nikapita karibu na bottes, nikazionea huruma.

Siku ya tano, 7 octobre

Naandika polepole, juu kwa hasira bic imeshatoboa page moya.

Commission ilifika. Jeep yao ilisimama nyuma ya camion ya kumi na ine. Madame Anastasie, mukubwa wa commission, alishuka na kuanza kutembea, viatu mu mukono, matope mupaka ku magoti. Nani alimukuta mu njia na kumupandisha ku moto? Evode. Bila shaka Evode. Nasikia alimupa ata kitambaa yake apanguse miguu.

Aliuliza nani alitia matawi. Bantu bote balinionyesha kidole, pamoya, haraka sana. Nilifurahi. Nilisogea mbele, nikatengeneza kola ya chemise, nikaelezea: point ya kwanza, udongo. Point ya pili, mwendo. Point ya tatu, matawi inatabiri panne. Alikuwa anaandika. Anaandika mingi! Nikaongeza point ya ine, pale pale, bila kuitayarisha.

Akaniuliza nani alinipa ruhusa ya kupanda miti katikati ya route nationale. Nikamujibu, Madame, ata mvua haiombi ruhusa. Papa Symphorien ku kiti yake alisema aïe.

Kisha Evode. Hakuelezea kitu. Alingoa matawi yangu kumi na mbili, moya moya, sawa karoti. Akaita banaume basukume camion ya ciment pembeni. Akapiga filimbi, upande moya ukapita, akapiga tena, upande ingine ukapita. Nusu saa, barabara ikafunguka. Bila calcul! Bila ata page moya! Bantu balipiga makofi. Mama Françoise tu njo alihuzunika, beignets zilibaki.

Madame alitoa gilet mu sac na kumuvalisha pale pale. Inamukaa muzuri. Hiyo njo mubaya zaidi.

Kisha alinirudilia. Akasema kona hii iko kweli na shida ya udongo, na ile matawi makumi tatu ya kando imepandwa muzuri sana, njo bile bao pia balitaka kupanga. Projet itafungua pépinière hapa Kingi, inafaa muntu wa kuchunga miti midogo, kuimwangilia, kuipanda ku kando mupaka Lushebere. Kazi ya mwaka muzima. Kuanza siku ya kwanza. Kama nataka, ni yangu.

Nikamuuliza kama iko na gilet.

Akasema hapana. Iko na arrosoir, kopo ya kumwangilia.

Nikamuambia, Madame, miye niko ingénieur, siko mumwangiliaji.

Mama Françoise aliitika ile kazi ikuwe yake mbele nimalize ata sentensi. Alikuwa anakula beignet yake ya mwisho, akaitika na kinywa kimejaa.

Siku ya posho, jumamosi, 8 octobre

Mama ameambiwa. Nadhani na bantu kumi na mbili.

Aliniuliza mara tatu kama alisikia muzuri: kazi ilitoka mujini, ikatembea mu matope, ikakupigia hodi, na weye ukaiambia nini? Nikamurudilishia: niko ingénieur. Akasimama. Kuku zote zikatoka mu lupango. Akaenda kuleta bottes. Akaziweka mbele yangu, zikiangalia kilima.

Nilishuka ku kona kupunguza mawazo. Kosa. Evode, mu gilet, anapaka majiwe chokaa. Projet ilimuachia ndoo tano ya chokaa apake majiwe yote ya kando, chauffeur ayaone mbali. Majiwe! Nikamuuliza jiwe imetembea lini mu barabara. Nikamuuliza nani aligongaka jiwe yenye imeikala kwao. Akaniambia, kaka ingénieur, utupe nafasi, unasimama mu njia ya camion. Na kweli camion ilikuwa nyuma yangu. Lakini haikukuwa lazima kupiga filimbi kwa nguvu bile.

Alibakisha ndoo moya. Alisema haina kazi. Niliichukua. Chokaa haistahili zarau.

Siku ya kwanza, 10 octobre

Niko ku kilima. Muguu moya inatembea mbele, botte inafika nyuma.

Mujomba Semana alinionyesha ngombe zake kumi na moya, kila moya na jina yake, na akaniambia kazi iko moya: zisishuke ku barabara, na nizione siku yote. Basi. Akaenda kuuza maziwa.

Nilikaa juu ya jiwe na kuangalia barabara pale chini. Ngombe inatembea. Ngombe inashuka. Ngombe iko na rangi ya udongo, chauffeur haioni. Projet yote imesahau ngombe! Commission yote! Evode na majiwe yake! Nilikimbia kuleta ile ndoo.

Saa ine: nimepaka tatu. Ya mujomba ya kupendwa zaidi njo ilikuwa ya kwanza, juu iko na upole. Nyeupe, toka pembe mupaka mukia! Zinaonekana toka Kingi, ata toka Masisi centre, nahakikisha. Nilisikia furaha yenye sijasikia tangu siku ya tatu.

Saa tano: ukungu umeshuka.

Saa tano na nusu: ngombe munane ziko hapa. Hizi tatu siwezi kuandika ziko wapi. Ukungu mweupe, ngombe nyeupe. Nasikia zinatafuna. Mujomba amepanda mbio, anaziita majina, anatembea na mikono mbele sawa muntu anatafuta mulango. Moya ilimuitikia karibu kabisa ya sikio. Aliruka. Sasa anaita jina yangu. Siitiki mbele nimalize kuandika, juu inafaa kuandika makosa pale pale, njo sayansi.

Nimeshaona kosa. Kosa ni rangi tu.

Kesho napaka kijani.