Tende Isiyo ya Kuliwa

Jumatatu, 23 Februari

Mzigo umefika! Boksi moja, limebonyea pembe, lakini vilivyomo vizima. Alhamdulillahi. Flashi arubaini za umbo la tende. Rangi ya tende, mikunjo ya tende, mng'aro wa tende. Unashika ncha mbili, unavuta, na chuma cha kuchomeka kwenye kompyuta kinatokea. Malindi nzima haijaona kitu kama hiki. Wamenitumia pia taa ya umbo la pweza, ambayo huwaka minyiri mitatu tu, na feni ya umbo la kuku. Kuku huyo ukimchomeka hupuliza upepo kutoka mahali ambapo sitapataja ndani ya mwezi mtukufu.

Mwaro akaja kuchungulia. Huyu ndiye jirani yangu wa duka hapa Shella, na ndiye mtihani wangu. Anauza flashi nyeusi. Nyeusi tu! Amezipanga kwenye kabati la kioo kama visigino vya viatu. Na watu wananunua. Akaishika tende yangu, akaigeuza, akaniuliza mbele ya wateja kama ni ya kuhifadhia picha au ya kufuturia. Wateja wakacheka. Wawili kati yao walikuwa wateja wangu! Nikamjibu kwamba biashara ni ubunifu. Akasema zake hazina ubunifu, ila hakuna aliyewahi kutaka kuzila. Hasidi hana sababu.

Jumanne, 24 Februari

Usaliti. Ndani ya nyumba yetu wenyewe! Nimemkuta dadangu Hafswa na flashi nyeusi mkononi. Ya Mwaro. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hafswa kazi yake ni kupiga video za kupamba. Bi harusi anakaa juu ya kiti amepambwa, wanawake wamevua mabuibui, wamevaa walivyopenda, wanacheza. Mwanamume hatii mguu. Mimi nduguye wa tumbo moja sijapata kuona hata picha moja. Miaka sita anafanya kazi hii na kanuni yake ni ile ile: akimaliza kuitengeneza video, anaitia kwenye flashi moja, anafuta kila kitu kwenye kamera na kompyuta, na flashi anamkabidhi mamake bi harusi mkono kwa mkono. Nakala moja tu duniani. Ndiyo sababu kuanzia hapa mpaka Mambrui hakuna harusi isiyomwita. Siku mwanamume mmoja akiona video yake moja, basi. Hatoitwa tena na mtu. Hayo ni maneno yake, huyarudia kila wiki.

Sasa ana video ya Ummulkheir, aliyeolewa kabla ya mfungo na anayesafiri na mumewe juma lijalo. Na video hiyo alitaka kuitia kwenye kisigino cha Mwaro! Nikamweleza kwa upole. Siri hufichwa ndani ya kitu ambacho hakuna atakayekishuku. Mwizi akiona flashi nyeusi anajua ni flashi. Akiona tende anaona tende. Hafswa akasema kitu kisichojulikana ni kitu ndicho kinachopotea. Nikamwambia hayo ni maneno ya Mwaro. Nikamkumbusha nani alimbeba mgongoni alipochomwa na mwiba wa samaki taa baharini. Tumebishana mpaka adhuhuri. Amekubali. Flashi nyeusi nimeirudisha kwa Mwaro mwenyewe, niuone uso wake. Hakukasirika. Tabia mbaya sana hiyo, kutokasirika.

Jumatano, 25 Februari

Siku ya ushindi. Hafswa ameshikwa na homa tangu asubuhi, nikajitolea kupeleka flashi. Hakutaka. Hajapata kumpa mwanamume kazi hiyo. Nikamuuliza mimi ni mwanamume au ni nduguye. Mwishowe akanipa, akaniapisha: niishike mkononi na niitie mkononi mwa mamake Ummulkheir, nisiiweke popote.

Lakini mkononi hivi hivi? Bidhaa mpya? Ndipo nilipopata fikra. Nimenunua tende nzuri, nimezipanga kwenye sahani ya maua, na flashi nimeiweka katikati yao. Juu nimefunika kawa, kifuniko cha ukili. Mama atafunua, ataona tende, atashika moja, chuma kitatokea, atashangaa, atawahadithia wanawake wote wa Shella. Tangazo gani lingeshinda hilo?

Nimefika kwao muda mfupi kabla ya magharibi. Hodi mara tatu. Ndani wanakaanga, hawasikii. Nikaiweka sahani ndani ya mlango, nikamwita kwa sauti kwamba mzigo wa Hafswa umefika. Sauti ikajibu kutoka jikoni kwamba ahsante mwanangu, Mungu akujazi. Kiapo nimekitimiza kwa kiasi kikubwa.

Alhamisi, 26 Februari

Sijui nianze wapi. 

Asubuhi Hafswa amempigia simu mamake Ummulkheir kumuuliza kama video imetoka vizuri. Mama akauliza video gani. Yeye alipokea tende, akawaombea dua waliozileta, na vile kwake tende zilikuwa nyingi, sahani nzima ikapelekwa msikitini wakafuturie watu.

Msikitini! Kwa wanaume!

Ni kweli kwamba mji mzima hupeleka sahani msikitini saa hiyo. Ni kweli kwamba sahani ya tende iliyofunikwa kawa, ikiletwa dakika kumi kabla ya adhana, haifikiriwi vingine. Lakini mtu hupewa zawadi akaitoa bila hata kuibonyeza? Adabu za zamani zimekwisha.

Hafswa alikaa chini sakafuni. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu kama niliitia mkononi mwa mama. Nikaeleza habari ya ubunifu. Akajifunika uso kwa leso yake akalia, na kilio chake kilikuwa kimya, na nilijisikia vibaya sana, kuliko nilivyopanga kuandika hapa.

Nikakimbia msikitini. Mzee Bwanamkuu, muadhini wetu, amekaa barazani, shavu limevimba kama amekula andazi zima zima. Shikamoo, Mzee. Marahaba, lakini ya uchungu. Akanihadithia kwamba jana, wa kwanza kuchukua tende alikuwa yeye, na jino lake lililobaki upande wa kulia ndilo lililolipia. Akafikiri mtu ametia msumari. Ikapita mkono kwa mkono, safu nzima ya wanaume wakaishika, mpaka mmoja akaivuta, chuma kikatokea, akasema hii ni flashi. Wakakubaliana itafutwe kompyuta, itazamwe ndani, mwenyewe ajulikane. Nikauliza kwa sauti ndogo wamempa nani. Akasema wamempa Mwaro, mtu mwaminifu mwenye subira.

Mwaro! Duka langu liko karibu na msikiti kwa hatua kumi na mbili zaidi! Nimezihesabu! Nikauliza kwa nini hawakuniletea mimi. Mzee akashika shavu lake, akasema swala imekaribia, nikatie udhu.

Duka la Mwaro limefungwa. Kibao kinasema amekwenda Kaloleni kwenye matanga, atarudi Jumamosi. Simu haipatikani. Yuko huko milimani na video ya Ummulkheir mfukoni, amezungukwa na wajomba zake wote. Na mjomba gani huyo asiyekuwa na kompyuta siku hizi?

Ijumaa, 27 Februari

Hafswa hajala daku wala futari ya maana. Wanawake wawili wamempigia kusema harusi zao za baada ya Idi watatafuta mpigaji mwingine, si kwa ubaya. Hawakutaja sababu. Habari imeanza kutembea. Namtazama dadangu akifunga kamera yake ndani ya mkoba kana kwamba anafunga maiti, na najua ni lazima mtu achukue hatua.

Nimechukua hatua. Huenda Mwaro hakuondoka nayo. Huenda imemdondoka njiani. Kwa hivyo nimeandika matangazo kumi na tano kwa kalamu nzito, nikayabandika kabla ya sala ya Ijumaa, moja mlangoni mwa msikiti:

IMEPOTEA TENDE. SI YA KULIWA. INA SIRI YA FAMILIA NDANI YAKE. ATAKAYEIPATA ASIITAZAME. AMLETEE UWEIS.

Fupi, safi, haina jina la bi harusi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kufikia alasiri watu kumi na moja wameniletea tende. Tende za kweli. Moja imeng'atwa. Wengine hawakuleta kitu, wamekuja kuuliza siri ni ya familia gani. Kabla ya magharibi hakukuwa na mtu Shella asiyejua kwamba kuna tende mjini yenye siri, na kila mwenye tende nyumbani alikuwa akizivuta ncha mbili. Mamake Ummulkheir, ambaye hakuwa ameelewa jambo lenyewe vizuri, alisoma tangazo akaelewa lote. Amemwambia Hafswa kwamba mume wa bintiye hajaambiwa bado, lakini akiambiwa, safari ya Ummulkheir itakuwa mashakani. Hafswa ameyabandua matangazo yote kwa mkono wake mwenyewe. Kumi na tano! Yalinichelewesha kazini! Shukrani ya punda ni mateke.

Jumamosi, 28 Februari

Mwaro amerudi saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake tangu saa kumi na mbili. Nikamwambia anipe changu. Akasema hana. Nikamwambia akitazama video ile Mungu atamuuliza. Akaniomba nikae. Sikukaa. Nilikaa baadaye kwa sababu ya miguu.

Hivi ndivyo alivyoeleza. Jumatano usiku aliichomeka. Akaona jina la faili: Kupamba kwa Ummulkheir, wanawake pekee. Papo hapo akaichomoa, hata hakungoja kompyuta iruhusu. Akasema yeye ni Mkristo wa Kaloleni, lakini amekulia mji huu, na anajua pazia likishushwa kwenye mlango wa kupamba maana yake nini. Akamwita mkewe Zipporah, akampa, akamwambia hataki hata kujua atakapoiweka. Zipporah akaifunga kwenye pindo la leso yake na kuilalia siku zote mbili za matanga, na leo, hata kabla ya kwenda kwao kuoga, amekwenda moja kwa moja kwa mamake Ummulkheir akaitia mkononi mwake. Mkono kwa mkono.

Wameitazama wanawake peke yao, mlango umefungwa. Yote imo, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mwanamume aliyeiona. Mama amemkumbatia Hafswa, akalia, Hafswa akalia, Zipporah naye akalia ingawa alikuwa na usingizi. Wale wawili waliojitoa wameshapiga simu tena. Nilipomwona Hafswa akirudi anacheka niliingia stoo nikajifuta macho. Vumbi la maboksi.

Sasa tuhesabu haki. Flashi yangu imeng'atwa na Mzee Bwanamkuu, imepita safu nzima ya waliofuturu, imelaliwa Kaloleni, na bado inafanya kazi! Alama za jino ziko pale pale! Nani amelisifu hilo? Hakuna! Baada ya sala Mzee Bwanamkuu amemwombea dua Mwaro kwa jina, ndefu, na mimi nimeitikia amin pamoja na wengine kwa kuwa niliangaliwa. Mamake Ummulkheir amemwambia Hafswa jina lake liko safi, ila kuanzia sasa anunue flashi kwa Mwaro. Na Hafswa amesema ndiyo. Ndiyo! Mbele yangu!

Jumatatu, 2 Machi

Nimefikiri siku nzima ya jana, kwa utulivu, bila chuki na mtu. Kosa nimeliona.

Tende hupendwa. Hapo ndipo palipoharibika. Kila mtu anataka kuishika. Kinachotakiwa kwa video za kupamba ni umbo ambalo hakuna mwanamume wa pwani hii, Muislamu au Mgiriama, atakayethubutu kulinyooshea mkono. Likidondoka njiani, watu wanapita mbali. Likisahaulika msikitini, halipiti mkono kwa mkono.

Hirizi!

Jana usiku nilimpelekea Chengo, fundi viatu, flashi moja niliyoivua ganda la tende. Ameishonea mfuko mdogo wa ngozi nyeusi, uzi mwekundu, simbi moja ya baharini juu. Ameniuliza mara tatu kama najua ninachofanya. Nikamwambia mimi ni mfanyabiashara. Fundo la mwisho alikataa kulifunga, akanipa sindano nifunge mwenyewe. Kazi safi ajabu. Hata mimi niliyejua kilichomo nilisita kuigusa.

Ya kwanza nimeamua kumzawadia Ummulkheir kabla hajasafiri, nirudishe heshima. Ndani nimetia kaswida nne na salamu zangu za kuwatakia ndoa njema. Juu ya ngozi nimeandika jina lake na la mumewe kwa wino mwekundu, ili isichanganyike na nyingine. Na safari hii nimejifunza. Hakuna sahani, hakuna kawa, hakuna kitu cha kupelekwa msikitini. Nimetoka sala ya alfajiri, mtaa umetulia, nimechimba kidogo mchanga wa kizingitini kwao na kuifukia nusu, imsubiri salama yeye mwenyewe atakapofungua mlango.

Sasa ni saa mbili. Nasikia wanawake wa nyumba ile wakipiga ukelele, mmoja baada ya mwingine. Mtaa mzima umetoka. Masheikh wawili wamepita mbele ya duka langu mbio, mmoja ana Msahafu, mwingine chetezo kinafuka ubani. Wameitwa kusoma dua ya shukrani, bila shaka. Mwaro amefungua dirisha lake, ananitazama, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Wivu umemkaba.

Nimevaa kanzu yangu mpya. Nakwenda kuwaambia ni mimi.