Jiwe la Mpaka la Thackle Juu

Jumapili, 5 Mei
Jumamosi Chama cha Historia cha parokia yetu, Thackle Juu, kinachagua mwenyekiti. Ni mimi au Bi. Bagnold. Mama huyo anajua kila kaburi la kijiji hiki na hachoki kulisimulia. Mimi sijagundua hata kigae! Lakini Alhamisi ni Sikukuu ya Kupaa. Parokia nzima itazunguka na fimbo ikipiga mawe ya mpaka, kama walivyofanya mababu, tusije tukasahau tunapoishia. Je, wakikuta jiwe lisilowahi kuonekana? Mgunduzi: Clement Tuffin! Uenyekiti huo.

Jumatatu, 6 Mei
Nimeng'oa jiwe kwenye bustani ya mke wangu, Maud. Nimelichonga herufi T kwa patasi. Kidole gumba kimevimba. Mpaka wenyewe unapita kijitoni, nyuma ya nyumba, lakini huko ni magugu ya kuwasha matupu. Nani ataliona? Nimelisimika mbele, kando ya geti. Nimelipaka mtindi liote kuvu, lionekane la kale. Akili nyingi!

Jumanne, 7 Mei
Paka wa Bi. Bagnold amelamba mtindi wote. Nimepaka upya. Maud ameliona jiwe, akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisima gani? Mimi nimesimika jiwe.

Alhamisi, 9 Mei, asubuhi
Jua zuri. Nimevaa tai. Wanakuja!

Jioni
Balaa! Mwanzo mambo yalikuwa matamu. Kasisi Pym akalibariki jiwe, watu wakalitandika fimbo, nikapigiwa makofi. Kisha Bi. Bagnold akainama. Akalinusa. Akatabasamu. Akatangaza kwa sauti ya mnadani: hongera Bwana Tuffin, kumbe mpaka unapita hapa getini! Basi nyumba yako iko ng'ambo, parokia ya Thackle Chini. Pole, jirani, uwe unakuja kututembelea.

Katiba ya chama inataka mwenyekiti awe mkazi wa Thackle Juu. Ningesema nini? Kwamba jiwe nimelichonga mwenyewe Jumatatu? Kasisi akanipa mkono wa kwaheri, na mimi nimesimama mlangoni pangu! Nimeumia sana.

Jumamosi, 11 Mei
Bi. Bagnold amepita bila kupingwa. Ameniletea kipande cha keki, eti ya wageni. Nimekila. Kitamu, kwa bahati mbaya.

Jumapili, 12 Mei
Ajabu! Watu wa Thackle Chini wamesikia habari. Wamenikaribisha chama chao cha historia na kunipa uenyekiti papo hapo, maana hakuna mwingine aliyeutaka. Mwenyekiti Tuffin! Kasoro moja tu: Chini hatuna kanisa la kale. Juu wanalo, na nyumba ya Bi. Bagnold iko ubavuni mwake. Bustanini kwa Maud limebaki jiwe moja zuri, pana. Likisimama upande wa pili wa kanisa, kanisa ni letu, na Bi. Bagnold mgeni.

Nimemwambia Maud kesho anunue mtindi. Ndoo nzima.